Muulize Fundi: Baba watoto anataka kumnunulia kijana sledi ya kukulia

Kaka Fundi, habari za baridi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Boise, jimbo la Idaho. Kwetu ni Uvira. Nilivuka ziwa nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, Amani, akazaliwa kambini Nyarugusu, na tukakaa kule miaka saba kabla ya kuletwa huku. Siku ya kwanza kuiona theluji Amani alilia, akasema mbingu inamwaga unga. Leo ana miaka 14, na hiyo theluji ndiyo wimbo wake wa asubuhi na jioni.

Ana rafiki wa shule ambaye familia yao kila Jumamosi ya baridi inapakia pikipiki za theluji kwenye trela na kwenda milimani. Watoto wanaziita sledi, basi nami nitaziita hivyo. Misimu miwili sasa wamekuwa wakimchukua Amani. Mwanzoni walimpandisha ile ndogo ya watoto, ambayo mtu akikimbia anaipita. Msimu uliopita wakampa ya dada yake rafiki, ya ukubwa wa kati, kwenye tambarare karibu na Smiths Ferry. Alirudi hali chakula. Tangu siku hiyo anakata nyasi za majirani, anaosha magari, na pesa zote anaweka kwenye kopo la maziwa. Zimefika dola 1,140.

Baba Amani amefurahi kwamba mtoto ana bidii, na ameahidi kumwongezea. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kazini kwake kuna mwenzake wa zamu anayeuza sledi ya milimani ya mtu mzima, ya mwaka 2012, injini ya cc 800, mkanda wa inchi 155, kwa dola 3,500. Ya kati tuliyoiona inauzwa dola 5,500, nayo imetumika. Mume wangu anasema haiwezekani kulipa pesa nyingi kununua kitu kidogo. Anasema mtoto hununuliwa sare ya kukulia. Unazijua zile sare za darasa la kwanza zilizoshonwa ili zifike la nne, kaptula inafungwa kwa kamba. Baada ya miaka miwili, anasema, Amani atakuwa amejaa kwenye ile 800, na ile ya kati tutakuwa tunaitazama tu gereji.

Amani ana sentimita 157 na kilo 47, na hapo alipimwa akiwa na viatu.

Mimi, kaka yangu, sielewi cc wala inchi. Ninachojua ni kwamba nilikimbia risasi na huyu mtoto tumboni, sikuja Marekani azikwe na theluji. Nilimuuliza daktari wake, akaniambia aliye chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa. Baba Amani akasema madaktari wa huku wanaogopa kushtakiwa. Nyumbani sasa nimekuwa adui wa watu wawili.

Niambie ukweli. Nikatae? Na kama sikatai, inunuliwe ipi, na mume wangu nimweleze vipi asije akaona nimemshinda mbele ya mwanawe?

Mama Amani, Boise

*

Dada yangu Mama Amani,

Nianze na shemeji, maana hoja yake ya sare ni nzuri na ndiyo maana imekukosesha jibu. Sare ikiwa kubwa unakunja mikono, unafunga kamba, maisha yanaendelea. Mtoto hawezi kuumizwa na shati. Sledi haina pa kukunja. Uzito wake ni uleule, apande mwenye kilo 47 au mwenye kilo 90, na nguvu yake ni ileile akiibonyeza mwenye akili ya miaka 14 au ya 40.

Hiyo 800 mnayoambiwa ni karibu kilo 200 ikiwa kavu. Jaza petroli, jaza oili, ongeza theluji inayoganda chini yake siku nzima, unaikaribia 250. Injini yake inatoa kama nguvu za farasi 150. Mwambie shemeji akumbuke Boxer 150 za bodaboda, zile zinazobeba watu wawili na gunia la mkaa: hizo zina nguvu za farasi kama 12. Sasa hapo tunampa mtoto Boxer kumi na mbili kwa mpigo, tena mahali pasipo na barabara.

Watu waliozoea pikipiki za nyumbani hawaelewi jambo moja mpaka walione. Milimani huendeshi ukiwa umekaa. Unasimama. Ukitaka kukata ubavu wa mlima, unahamia upande wa juu, mguu mmoja kwenye ubao wa kukanyagia, mwingine unaning'inia, unaivuta mashine yote ikulalie kama ng'ombe mkaidi, isimame kwa ukingo mmoja wa mkanda, ule mpira mpana unaozunguka chini na kuisukuma. Usukani hapo haufanyi kazi kubwa, kazi inafanywa na mwili. Mwenye kilo 47 hawezi kuilaza mashine ya kilo 250. Na mtoto akishindwa kwa mwili hufidia kwa kidole gumba, yaani anaongeza mafuta. Klachi za mashine hizi hazishiki polepole kama za gari. Zinasubiri mizunguko ipande, halafu zinakamata kwa ghafla. Ndivyo watoto wanavyoishia kwenye miti, na wengi wao si watukutu hata kidogo.

Mimi mwenyewe nimetoka Tanga, ambako baridi kali ni kusi ya mwezi wa saba. Baridi yangu ya pili huku, nikiwa na kilo 72 na kiburi cha fundi, nilichukua sledi kubwa kwenda kuijaribu peke yangu. Ikalala ubavu kwenye theluji laini, kwenye kibonde, ski moja, ubao wa mbele wa kutelezea, imeingia chini ya tawi. Nilichimba kwa mikono na kwa kifuniko cha boksi la betri kwa muda wa saa moja na nusu. Jasho liliponikauka nikaanza kutetemeka, nikajua sasa nakufa kijinga. Nilitoka, lakini usiku ule sikuweza kuinua kikombe cha chai. Kwa hiyo mtu akiniambia mtoto "atakuwa amejaa baada ya miaka miwili", swali langu ni nani atamchimbua katika hiyo miaka miwili.

Basi ile 800 tuiweke pembeni. Wala si mbaya. Kama ni nzima, bei hiyo ni ya haki, na shemeji akiitaka kwa ajili yake mwenyewe tutazungumza. Tena ashikilie wazo hilo, nitalirudia.

Ile ndogo nayo isahauni. Zile za cc 120 ni za watoto wa miaka sita, saba, zinafungwa kasi zisizidi mwendo wa mtu anayekimbia, na meno ya mkanda wake ni mafupi. Kwenye theluji ya kina zinazama palepale. Amani keshazipita.

Inabaki hiyo ya kati, na hapa soko limebadilika. Zamani mtoto akishavuka ile ndogo alirukia ya mtu mzima, hakukuwa na daraja. Sasa viwanda vimejenga daraja. Polaris walitoa EVO, na kuanzia toleo la 2020 wakaongeza ya milimani, 550 RMK EVO yenye mkanda wa inchi 144. Arctic Cat walileta Blast kwa toleo la 2021, silinda moja ya cc 397, mipigo miwili, kama nguvu za farasi 65, na ile yao ya milimani, Blast M, ina mkanda wa inchi 146. Ski-Doo wakaja baadaye na Neo, na ndani yake Summit Neo+ kwa ajili ya milima, nguvu za farasi 55. Zote hizi ni sledi kamili zilizopunguzwa kidogo. Siti imeshuka, usukani umesogea karibu, breki inafikiwa na vidole vifupi. Chukulia kama asilimia 90 ya ile ya mtu mzima.

Mama Amani, umesema huelewi inchi, lakini wewe ni mtu wa ziwa, utaelewa. Theluji mpya ni maji. Mkanda mrefu ni mtumbwi mrefu: hauzami upesi, unaelea, ila kuugeuza ni kazi. Mkanda mfupi wa inchi 120 na kitu unageuka kama kitumbwi cha mtoto, na kwenye theluji ya kina unazama kama hicho kitumbwi. Kwa Amani, inchi 144 au 146 ndipo pazuri. Hiyo 155 ya mwenzake shemeji si ndefu mno kwa mlima, ni ndefu mno kwa mwenye kuibeba. Ukiinama kutazama chini utaona meno ya mpira. Mashine za njia zilizosawazishwa zina meno ya inchi moja na robo hivi, za milimani huenda mbili na kuendelea. Msije mkauziwa ya njiani kwa jina la ya milimani kwa sababu tu ina rangi kali na picha ya mlima ubavuni.

Shemeji atauliza kama nguvu za farasi 65 zitapanda mlima. Tena aulizapo hivyo ana haki, kwa sababu huko juu hazitakuwa 65. Hewa ikipungua injini inapumua kwa shida, inapoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Mores Creek Summit, kule juu ya Idaho City, ni zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Hapo karibu moja ya tano ya nguvu imekwisha, umebaki na hamsini na kitu. Kwa mtu mzima wa kilo 95 na mkoba, ni kidogo, atalalamika mchana kutwa. Kwa kilo 47 zinatosha na kubaki. Hazitampandisha kila mahali wanapopanda wakubwa, na hilo mimi nalihesabu kuwa ni faida. Mashine dhaifu ni uzio. Ile 800 ingemfikisha mtoto wako kwenye miteremko ambayo hana ujuzi wa kuisoma.

Ningekuwa mimi, kwa mwili alio nao, ningetafuta Blast M, kwa sababu ya wepesi. Silinda moja ina mtetemo wake, mikono itamwasha, atazoea. Kinachonipa wasiwasi ni kampuni. Mwishoni mwa 2024 waliokuwa wakimiliki Arctic Cat walitangaza kusimamisha utengenezaji, na 2025 ikapata wenye wapya. Vipuri bado vipo, lakini kabla hujalipa, mpigie simu muuza vipuri wa karibu umuulize beliti ya klachi na plastiki za reli, zile ambazo mkanda unateleza juu yake, anazo au anaagiza. Jibu lake litakwambia mengi kuliko tangazo. RMK EVO ina injini ya silinda mbili inayopozwa kwa feni, haina maji wala bomba la kuvuja, fundi yeyote anaijua, na kasi yake imebanwa makusudi kiwandani. Ni nzito zaidi puani, kijana atalitambua hilo akianza kukata ubavu wa mlima. Lakini ukikuta EVO iliyolelewa vizuri na Blast iliyoteswa, bila kufikiri mara mbili chukua EVO. Neo+ sijazifungua nyingi, na zilizotumika bado ni chache na bei yake haijashuka.

Kabla ya jina na rangi kuna mtihani mmoja, nao hauhitaji fundi. Mwombeni huyo rafiki yake ile ya kati Jumamosi moja. Ilazeni ubavu kwenye theluji, injini imezimwa. Watu wazima wote warudi nyuma hatua kumi na wakunje mikono. Amani aiinue mwenyewe. Aruhusiwe kuchimba, kukanyaga theluji iwe ngumu, kushika ski na kuivuta igeuke kuelekea bondeni, kutumia akili yote aliyo nayo. Akiinua, ni yake. Akishindwa, asubiri msimu mmoja. Watoto wa umri wake wanarefuka kiangazi kimoja mpaka suruali zinakuwa kaptula, na kopo lake la maziwa litazidi kujaa. Mkiwa hapohapo, asimame juu yake amevaa glavu zote na helmeti, ashike usukani. Viwiko vikiwa vimenyooka kabisa, ni kubwa kwake. Vidole viwili vikishindwa kuvuta breki mpaka mwisho, ni kubwa kwake.

Sasa pesa. Shemeji anaona 5,500 dhidi ya 3,500 na anaona mwizi. Ila, dada, una watoto wanne. Kwetu sare ya kukulia ilikuwa na ndugu yake, sare ya kurithishana. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo, tena mkiwa wawili tu, mbele ya chai na si mbele ya Amani. Sledi ya kati haitakaa gereji, itashuka kwa mdogo wake, halafu kwa anayefuata. Na hata mkiuza, isiyogongwa hupata mnunuzi, kwani kila baridi kuna mtoto mwingine anayetoka kwenye zile ndogo. Hivyo hutakuwa umemshinda mume wako. Atakuwa amepata hesabu yake mwenyewe, ila imesahihishwa.

Kuhusu daktari, hakuogopa kushtakiwa. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, ndivyo kinavyoshauri: chini ya miaka 16 wasiendeshe sledi. Na kila mashine ina kibandiko cha umri alioukubali mtengenezaji, kisomeni hicho pia kabla ya kununua. Mimi ni fundi, siwezi kukaa juu ya daktari. Ukiamua asubiri mpaka afike 16, huna haja ya kumwomba mtu radhi, na mtu akikuita mwoga mlete kwangu. Lakini nimesoma barua yako mara mbili na ninaona kwamba Amani tayari anaendesha, kila Jumamosi, mashine ya mtu, na watu ambao hujaniambia kama umewahi kupanda nao mlimani. Ukikataa kununua bila kukataa hizo Jumamosi, utakuwa umefunga dirisha na mlango uko wazi.

Hapo sasa nije kwenye kuzikwa, maana nimeona ndilo linalokunyima usingizi, na hofu yako si ya kishamba hata kidogo.

Theluji ya mlimani si unga kwenye gunia. Inaanguka kwa tabaka, kila dhoruba na tabaka lake, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Baadhi ya tabaka, baridi ikikaa siku nyingi, hugeuka chembechembe zisizoshikana, mithili ya sukari. Dhoruba nyingine inakuja, inatandika chapati nzito juu ya hiyo sukari. Kwa macho huoni kitu, mlima ni mweupe na mzuri. Anapita mtu na sledi, uzito unafika kwenye sukari, na chapati nzima ya juu, yenye upana wa uwanja wa mpira, inateleza. Mara nyingi sana aliyeianzisha ni huyohuyo anayefunikwa, au mwenzake. Hili ndilo linanipa matumaini, kwa sababu kosa la mtu linaweza kufundishwa.

Poromoko hutokea zaidi kwenye mteremko wa digrii 30 hadi 45. Tambarare halianzi, lakini linaweza kushuka mpaka hapo kutoka juu, kwa hiyo kusimama kunywa chai chini ya ukuta wa theluji ni kosa hata kama ulipo ni sawa na meza. Aliyefunikwa ana dakika kama kumi hadi kumi na tano za matumaini makubwa, baada ya hapo yanaporomoka upesi. Helikopta haitafika kwa dakika kumi. Wanaomwokoa ni wale waliokuwa naye, kwa vifaa walivyovaa.

Vifaa ni vitatu na havina badala. Bikoni, redio ndogo inayotuma mlio kifuani mwa kila mtu, ambayo wenzako wanaigeuza kupokea ili wakutafute. Fimbo ndefu ya kukunja, ya kuchomea theluji mpaka iguse mwili. Na koleo la chuma. Bikoni huvaliwa mwilini chini ya koti, kamwe haiwekwi kwenye mkoba wa sledi, kwa sababu poromoko humtenganisha mtu na mashine yake. Simu ikae mbali nayo, zinasumbuana. Na kuwa nayo hakutoshi. Ifundisheni familia nzima: fungia bikoni moja ndani ya mfuko, ifiche kwenye bustani ya karibu, watoto waitafute kwa saa. Wadogo zake watadhani ni kombolela.

Kabla ya Jumamosi yoyote, Amani na wewe msome utabiri. Kule McCall kuna Payette Avalanche Center, na upande wa Ketchum kuna Sawtooth Avalanche Center. Wanaandika hali ya theluji na ngazi ya hatari, kutoka 1 hadi 5, bila malipo. Waulize pia darasa la wanaoanza. Huko atafundishwa mambo ambayo vijana hawapendi kuyasikia kwa wazazi: mmoja mmoja kwenye mteremko, wengine wakitazama wakiwa mahali salama. Na mwenzako akikwama juu, usipande na sledi yako kumsaidia, kwa sababu uzito wa pili ndio mara nyingi unaoangusha mlima. Hilo la mwisho limeua watu wenye roho nzuri.

Kwa hiyo, ile hesabu ya 3,500 au 5,500 bado haijakamilika. Bikoni, fimbo, koleo, helmeti inayomtosha sasa (helmeti nayo si ya kukulia), buti, stika ya usajili ya Idaho, na trela kama hamna. Kinga peke yake inaweza kukaribia dola 1,000. Kama pesa haitoshi vyote, sledi ndiyo isubiri.

Na sasa lile nililoahidi kulirudia. Barua yako nzima haisemi Baba Amani atapanda nini. Hii si pikipiki ya kumtuma mtoto dukani. Mtu haendi mlimani peke yake, na mtoto hamfuati mtoto mwenzake. Shemeji asipojifunza, basi mnawakabidhi roho ya Amani watu wengine kila wiki, na hao lazima mkae nao, muwaulize wana bikoni ngapi, na mara ya mwisho walifanya mazoezi lini. Wakicheka swali hilo, umepata jibu. Pengine ile 800 ya kazini ni ya shemeji mwenyewe, ajifunzie pole pole kwenye njia zilizosawazishwa mwaka mzima kabla ya kuota mlima. Simsukumi. Najua tu kwamba mwanamume anayemtafutia mtoto wake sledi kubwa, mara nyingi anaitaka yeye.

Mkienda kuitazama hiyo ya kati, msimwambie mwenye mali saa kamili mtakayofika, na mkifika, kabla ya salamu kuisha, shemeji aweke kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, amewahi kuiwasha ili msione inavyosumbua ikiwa baridi. Ondokeni mrudi siku nyingine. Inapowashwa baridi, isikilizeni, nuseni moshi. Tazameni meno ya mkanda kama yameng'oka, mikono inayoshika ski kama imepinda (mmoja mpya na mwingine wa zamani ni dalili ya ajali), na plastiki za reli chini kama zimelika hadi kwenye chuma. Beliti ya klachi isiwe na nyufa. Mwombeni apime mgandamizo wa silinda mbele yenu. Kwa EVO, silinda mbili zikipishana zaidi ya moja ya kumi, bei ishuke au muage. Kamba ya kuzimia, ile inayofungwa kwenye koti ili dereva akianguka injini ife, ivuteni mashine ikiwa inanguruma. Isipozima palepale, hamnunui, hata akiwapunguzia elfu.

Kisha pigeni picha mbili, ya namba ya mashine iliyogongwa kwenye bati la ubavuni na ya hati ya umiliki, mnitumie. Msitoe hata dola moja kabla sijawajibu.

Fundi